Kapita Hasikii Tena

Jumapili jioni, Vulamba.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inaendelea, ile mvua yetu ya Butembo isiyo na haraka ya kwenda popote. Sikwenda misa. Akina mama wa kwaya wataniuliza, nami nitawaambia niliumwa kichwa. Ukweli ni kwamba asubuhi nzima nilikuwa nimekaa chini sebuleni, kichwa cha mbwa mapajani mwangu, nikimbembeleza anywe maji kwa kijiko.

Kesho daktari wa mifugo anakuja kumpiga Kapita sindano ya mwisho. Hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia.

Naandika kwa sababu leo nyumbani kwetu limetokea jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niolewe, na sina wa kumsimulia. Kaka yangu angecheka. Majirani wangetikisa vichwa. Basi nakusimulia wewe, shajara, usiye na mdomo wa kunijibu wala wa kunisengenya.

Kapita ni mbwa wa baba mkwe wangu. Ni mbwa wa kawaida wa shambani, rangi yake ya vumbi, sikio moja limekatika, mkia umepinda. Baba mkwe alimfuga kwenye shamba lake la kakao kule Mabalako, akampa jina la kapita kwa sababu alikuwa akizunguka katikati ya vibarua kutwa nzima, akichungulia nani anafanya kazi na nani amelala chini ya mti, sawasawa na msimamizi. Mauaji yalipofika maeneo yale, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Baba mkwe alifika kwetu na godoro, redio, na Kapita nyuma yake, nyayo zimechubuka. Mume wangu Kasereka aliwapokea langoni. Alimkumbatia baba yake, kisha akapiga magoti akamkumbatia mbwa, nami nikasema moyoni, huyu wa pili atalala nje.

Alilala nje siku chache tu.

Mwaka uliofuata Kasereka alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Beni. Nimeshaandika habari hiyo hapa mara nyingi na leo siigusi. Niseme tu kwamba alipoondoka, alituacha chini ya paa moja watu wawili ambao kwa desturi hawasemezani.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Sisi Wanande, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Simpi mkono. Sikai kwenye kiti chake. Hatuli pamoja. Jina lake silitaji, na hata hapa sitaliandika, nitamwita Mzee. Yeye naye hakanyagi jikoni kwangu na haniiti kwa jina. Najua siku hizi mjini wapo wanaopiga gumzo na wakwe zao kama waliosoma darasa moja. Mzee si wa hao, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, si wa hao pia. Kasereka alipokuwa hai, yeye ndiye aliyebeba maneno yetu, ya huku akayapeleka kule. Mume asipokuwepo, kazi hiyo huwa ya mtoto. Unamtuma: nenda kamwambie babu chakula kimeiva. Sisi hatukujaliwa mtoto.

Baada ya matanga, wageni walipokwisha kutawanyika, nilipika chakula cha kwanza cha watu wawili nikajikuta nimesimama nyuma ya pazia, sahani mkononi, sijui nifanye nini. Mzee yuko sebuleni, namsikia akikohoa. Chakula kinapoa. Kumwita siwezi. Kumwekea mbele kimyakimya kama mfungwa, nayo ni dharau. Kapita alikuwa amelala kizingitini, nusu upande wangu, nusu upande wake. Nikajikuta nasema kwa sauti, “Kapita, ambia baba chakula iko tayari.”

Mbwa aliinua kichwa. Mzee akanyanyuka, akanawa mikono.

Kesho yake, kutoka sebuleni, nikasikia: “Kapita, ambia mama mboga ya jana ilikosa chumvi.”

Nilikasirika kweli. Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, na huyu ananiletea habari za chumvi! Kisha nikacheka. Nilicheka peke yangu jikoni, mkono mdomoni, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi.

Tangu hapo tumeishi hivyo. Kila kitu cha nyumba hii kimepita kwa Kapita: bati linalovuja, mgeni aliyekuja nikiwa shuleni, habari za redio. Hata kugombana tumegombana kupitia kwake. Kila Mzee aliposikia kwamba kumetulia kule kwake, alianza kukunja nguo zake arudi shambani, nami nilisimama nyuma ya pazia langu nikamtuma mbwa: “Kapita, ambia baba barabara ya Mabalako ingali mubaya, redio isimudanganye.” Naye akajibu, “Kapita, ambia mama baba haiko mutoto.” Kapita alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu yake, mkia unapiga sakafu. Mwishowe nguo zilirudi sandukuni.

Siku ya ukumbusho wa Kasereka nilishindwa kujizuia, nikalia huku nakata vitunguu nikijifanya ni vitunguu. Sauti ya Mzee ikaja polepole kutoka ng'ambo ya ukuta. “Kapita, ambia mama apunguze kulia. Mboga itapata chumvi mara mbili.”

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nalipwa kwa kuongea, kutwa naongea hadi koo linakauka. Lakini maneno ninayorudi nayo kitandani ni yale yanayopitia kwa mbwa.

Kisha Kapita akazeeka.

Yalitangulia masikio. Siku moja kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni karibu kabisa na kichwa chake, naye hakushtuka. Nikapiga makofi. Nikamwita. Wapi! Mzee alikuwa barazani, aliona yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Jioni ile ile akatuma: “Kapita, ambia mama makala ya jiko inaisha,” lakini kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kana kwamba kiziwi ni mimi. Nikajibu kwa sauti kubwa hiyo hiyo. Tukaendelea hivyo, watu wazima wawili tunampigia kelele mbwa asiyesikia. Yeye alijifunza kutazama midomo yetu. Akiona mdomo unacheza, anainua sikio lake lile zima na kukaa tayari.

Baada ya masikio kikaja kikohozi. Kisha tumbo likaanza kujaa, huku mgongo unakonda, hata mifupa ukaweza kuihesabu kwa macho. Akipanda ngazi ya baraza anapumzika katikati.

Daktari wa mifugo hapa kwetu watu wanamjua zaidi kwa muhuri wake wa kugonga nyama machinjioni. Nilipomweleza kwamba mgonjwa wangu ni mbwa, tena wa nyumbani, tena mzee, alinitazama kwa muda. Lakini alikuja. Ni mtu mwema, ingawa alimshika Kapita kiunoni kama anayekadiria mbuzi wa sikukuu. Alimsikiliza kifua, akambonyeza tumbo, kisha akasimama katikati ya sebule, Mzee akiwa mlango wa barazani na mimi mlango wa nyuma, akatuambia sote wawili.

“Moyo umechoka. Haisukume tena muzuri, donc maji inajaa mu tumbo. Hizi kinini zitaondoa maji, zinaweza kumuongezea siku, hata miezi. Mais kupona, hapana. Nusu asubuyi, nusu mangaribi. Hapana zidisha.”

Kinini ndivyo tunavyoviita vidonge vya kila namna. Aliviweka dirishani, akaenda zake.

Kumuongezea siku. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Nilianza kupiga hesabu za kijinga: akifika Krismasi, akifika Pasaka, akipita msimu huu wa mvua.

Niwe mkweli hapa, maana kama si hapa, wapi. Sikumwombea Kapita maisha marefu kwa ajili ya Kapita. Nilimwombea kwa sababu niliogopa kimya. Niliiona nyumba bila yeye: mimi jikoni, Mzee barazani, sahani zinazosukumwa chini ya pazia, mwaka baada ya mwaka. Na kaka yangu mkubwa wa Lubero hunipigia simu kila Jumapili kuniuliza nafanya nini bado katika nyumba hiyo. Mume huna, mtoto huna, rudi kwenu. Sina jibu la kumpa. Siwezi kumwambia kwamba nabaki kwa sababu kuna mzee mmoja anazungumza nami kupitia kwa mbwa. Lakini mbwa akiondoka, hata jibu hilo la aibu sitakuwa nalo.

Basi nikaanza kumpa dawa. Asubuhi, jikoni, kabla ya kwenda shuleni, nusu kidonge ndani ya tonge la bugali na ndagala. Jioni vivyo hivyo. Na tumbo likapungua! Lilipungua haraka hata daktari mwenyewe angeshangaa. Kapita alikojoa kila mahali, nilipiga deki hadi mikono ikapauka, lakini alitembea. Alifika mpaka kwenye mparachichi ulioko mwisho wa kiwanja, akarudi bila kupumzika. Siku hiyo nilimsikia Mzee akipiga mluzi barazani, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu Kasereka afe. Nilifurahi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nikaona nimemshinda kaka yangu.

Vidonge viliisha mapema kuliko nilivyotazamia. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikasema huyu daktari wa muhuri hajui kuhesabu, nikaenda duka la dawa kuongeza vingine, nikaviweka pale pale dirishani.

Ijumaa niliporudi shuleni nilimkuta Kapita amelala katikati ya sebule kwa ubavu, miguu inatetemeka, ulimi mkavu kama kitambaa. Mzee alikuwa amepiga magoti kando yake akimpepea kwa kofia. Aliponiona alifungua mdomo, akamtazama mbwa, akaufunga.

Daktari alikuja jana asubuhi. Alivuta ngozi ya shingo ya Kapita kwa vidole viwili na ngozi haikurudi, ilibaki imesimama. Akageuka.

“Huyu amekauka kabisa. Nani anamupatia kinini?”

“Mimi,” nikasema.

“Mimi,” akasema Mzee.

Tulimjibu daktari kwa pamoja, kila mmoja kutoka mlango wake. Daktari alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Bote babili? Mais ninyi, hamusemezanaka mu hii nyumba?”

Mzee aligeuza kofia yake mikononi.

Polepole ikajulikana. Mzee alikuwa akimpa barazani, nusu kidonge ndani ya ndizi, nikishatoka kwenda shuleni, na tena jioni kabla hajaingia kulala. Jikoni kwangu haoni, kwa hiyo hakujua kwamba mimi nimeshampa. Alidhani ninasahau, na shule na mitihani na kila kitu, na hakutaka kunitia aibu kwa kunikumbusha. Mimi nami ya barazani siyaoni. Lile ajabu la tumbo kupungua upesi, lile nililomshukuru Mungu kwa sauti, lilikuwa dozi mbili zikimkausha mbwa wetu mbele ya macho yetu.

Utauliza, kwa nini hamkuambiana? Si mna Kapita?

Nimeliwaza hilo tangu jana. Kupitia kwake tulisema kila kitu, kasoro kitu kimoja. Hatukuwahi kumtuma Kapita habari za Kapita. Hatukupanga hivyo, ilikuwa tu hivyo, maana hata mtoto humtumi akapeleke habari ya ugonjwa wake mwenyewe. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kwetu ulikuwa mbwa kuanguka sebuleni.

Niliona hasira. Nilimkasirikia Mzee na ndizi zake. Nilijikasirikia zaidi. Niliikasirikia na heshima yenyewe, hii tuliyoitunza vizuri sana hata ikambana mnyama asiye na kosa. Kisha hasira ikaisha nikabaki nimechoka tu.

Daktari alimtundikia serumu, maji ya kuingia mshipani. Hapakuwa na mahali pa kuning'iniza chupa isipokuwa msumari wa picha yetu ya harusi, kwa hiyo nikaishusha picha nikailaza kitandani. Alipomaliza alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakumshika Kapita kama mbuzi, alikuwa amemwekea mkono kichwani.

“Serumu itamurudisha kidogo. Mais sasa hata figo zimeguswa. Nikikuya kila siku kumuwekea ingine, ataishi siku kadhaa, labda wiki mbili, lakini ataumia. Ao nilete sindano, alale. Muzungumuze, munipigie simu.”

Muzungumuze. Yeye aliona ni jambo jepesi.

Jana mchana nilijaribu. Nilichuchumaa karibu na Kapita, Mzee akiwa barazani, pazia limefunguliwa. Nikavuta pumzi. “Kapita, ambia baba…” Nikakwama. Kapita alikuwa amefumbua macho. Aliuona mdomo wangu umecheza, akajitahidi kuinua lile sikio lake zima, lakini lilisimama nusu tu. Alikuwa tayari kwa kazi. Alikuwa anangoja nimalize.

“Ambia baba mvua inakuya,” nikasema.

“Asante, Kapita,” ikajibu sauti ya barazani.

Mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha zamani.

Sikupata usingizi. Nilichokiona wazi jana ni hiki: siku zile tulizotaka kumwongezea zilikuwa zetu sisi, si zake. Yeye alikuwa amemaliza. Angekubali kwenda tangu masikio yalipokwisha, kama si sisi kumpigia kelele abaki kazini.

Leo mchana nilikuwa nasonga bugali, na anayesonga bugali haachi katikati, kila mwanamke anajua. Nikasikia hatua uani, nzito, zinakuja kwenye matope, zikasimama kizingitini. Nilidhani ni jirani anakuja kuomba moto. Nilipoinua macho niliona mgongo. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni kwangu, amenigeuzia mgongo, anatazama mvua na mikalitusi ya ng'ambo, mikono ameifunga nyuma. Hajawahi kufika pale. Kapita alikuwa sebuleni amelala, mbali na sisi sote.

Nilingoja aseme, Kapita, ambia mama.

“Kavira,” akasema.

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Kavira ni jina la kawaida, Butembo ukiliita sokoni wanageuka wanawake kumi. Lakini sikuwahi kulisikia likitoka kwake, na sikujua kwamba akilitamka, sauti ni ya Kasereka. Ni ile ile, imezeeka tu. Machozi yalinitoka kabla sijajua anataka nini.

“Yule akisha kwenda,” akaendelea, akiiambia mvua, “hata wewe utaenda kwenu?”

Hakugeuka. Vidole vyake pale nyuma vilikuwa vinafinyana.

Kumbe simu za kaka yangu alizisikia zote. Kumbe naye alikuwa akimpa mbwa ndizi zile huku akiogopa kitu kile kile ninachokiogopa mimi. Jibu lilikuwa la neno moja na halikutoka. Nilisema lile nililoliweza.

“Baba, kesho tumuache apumuzike.”

Bugali likaanza kushika chini, nikasikia harufu yake.

“Ndiyo vile,” akasema. “Tumuache. Amefanya kazi mingi.”

Akaondoka akapita uani bila kofia, mabega yamelowa. Nilimwandalia bugali lililoungua. Alilimaliza lote, na hakutuma malalamiko yoyote. Mimi sikula. Nilimpigia daktari, nikaongea kwa maneno machache, nikafunga simu upesi.

Sasa kuna giza linaanza. Mzee amemfunika Kapita kwa blanketi lake mwenyewe, amempeleka barazani wanatazama mvua pamoja. Dirisha la chumba changu liko juu yao. Namsikia anaongea naye. Mwanzoni niliacha kuandika nikatega sikio, kwa mazoea, nikilingojea neno langu. Nimengoja sana. Ambia mama halikuja. Anamweleza mambo ya shamba, nadhani, ya kibarua fulani aliyelala chini ya kakao akaamshwa kwa kulambwa uso, maana amecheka kidogo. Kisha amenyamaza. Kisha ameanza tena. Mbwa hasikii, na Mzee hapazi sauti. Neno moja la Kinande limenifikia likiwa zima. Wasingya. Asante.

Tangu niwajue hawa wawili chini ya paa hili, ni mara ya kwanza anaongea na mbwa wake bila mimi kuwa ndani ya maneno hayo. Nimefunga dirisha. Si yangu hayo.

Kaka yangu amepiga simu mara mbili jioni hii. Sijapokea. Kuna mtu mwingine anayestahili kujibiwa kwanza.

Kesho daktari akishaondoka tutabaki wawili, na hatutakuwa na wa kumtuma. Leo yeye alipita kwenye mvua hadi mlango ambao mkwe hapaswi kuufikia, akaniita kwa jina langu, akaniuliza, na mimi nikamjibu la mbwa, langu nikalimeza. Ninalijua jibu. Nililijua tangu aliposema Kavira. Nabaki. Naogopa kulisema kwa mdomo huu huu unaofundisha watoto wa watu kutwa nzima, sijui nitaanzaje, sijui macho nitayaweka wapi, pengine nami nitampa mgongo. Lakini kesho ni zamu yangu kutembea hadi mlangoni kwake.